Ampuli Saba Ulizozikataa

Papa,

Nimezijaribu zote saba na zote zinawaka. Nilikuwa naomba Mungu hata moja tu ikatae, moja tu, ili niweze kusema ulikuwa na haki walau siku moja. Hakuna. Zote zinawaka, Papa, uzi wa mwanga wa karibu na uzi wa mwanga wa mbali, mpaka macho yanauma.

Usinigombeze kwanza. Nilizishika kwenye chuma, na kipande cha kitambaa cha kikwembe cha Mama, kioo sikukigusa. Mimi Mwamini, binti yako, naweza kusahau chai motoni mpaka birika ikauke, lakini hilo sikulisahau. Nilichukua betri ya zamani, nikaiweka juu ya meza yako pale garaji Mangobo, nikakamata waya mbili, nikazipima moja moja kama ulivyonifundisha zamani. Ni zile ampuli za taa ya mbele ya motokari yako. Zile ulizonituma sokoni mwaka mzima. Nikileta, unaweka, unawasha, unatazama ukuta wa jirani, unasema: "Hapana. Hii haiko na nguvu. Leta ingine." Nilidhani ulikuwa unazitupa. Kumbe ulizipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya meza, kila moja na karatasi yake. Mtu hafungi kitu kibovu kwenye karatasi. Sasa sijui hata kama wewe mwenyewe uliamini ni mbovu.

Bon, nianze vizuri, maana hukupenda hadithi inayoanzia mkiani.

Tangu umetutoka huu ni mwezi wa nne. Mama bado analala upande wake wa kitanda. Upande wako ameweka nguo zilizokunjwa, ukizigusa anauliza unatafuta nini. Anaponda lituma ya ndizi, nyingi kuliko tunavyoweza kula, halafu anaikasirikia sufuria. Garaji imefungwa. Wateja wako wengine hawajazoea, wanakuja, wanasimama mbele ya mlango, wanatazama kufuli, wanaondoka. Mimi nipo na wanafunzi wangu wa shule ya primaire, mwaka wa tatu. Wamekuwa wapole, hata wale watundu, na upole wao unanichosha. Juzi nimewaambia wapige kelele kidogo, wakanitazama kwa huruma. Watoto wa miaka minane wananihurumia mimi!

Motokari ilibaki uani chini ya hema. Yaya Assani akasema tuuze, kwa sababu yeye, mzaliwa wako wa kwanza, mtu mzima mwenye ofisi ya serikali pale commune, mpaka leo anaogopa usukani. Nilibisha siku tatu, kisha nikachoka. Mnunuzi akaja, mtu wa barabara ya Buta anayefanya biashara ya mafuta ya mawese. Akaizunguka motokari mara mbili, akainama mbele, akauliza: "Na hii jicho ya kuume, iko wapi?" Sote tukatazama. Nyuma ya kioo cha taa ya kuume palikuwa na shimo tupu. Nilijua iliondolewa na nani, na siku gani, na kwa sababu ya mdomo wa nani. Assani akanigeukia akasema: "Wewe njo mutu wa ampuli, Mwamini. Enda utafute."

Nikaenda kwa Mama Feza, yule mwanamke wa Maniema anayeuza pyesi, vipuri vya motokari, nyuma ya soko. Papa, yeye hakuwa anajua. Kisangani si kubwa, nilidhani habari imemfikia. Aliniona toka mbali akaanza kucheka, mkono tayari umekwenda kwenye rafu, akapiga kelele mbele ya watu: "Eh, Mwalimu! Muzee amekataa ile ingine tena?" Nikasimama. Nikasema tu: "Hatakataa tena." Akazidi kucheka, alifikiri hatimaye umeridhika. Ndipo akaniangalia usoni. Akakaa chini juu ya tairi, mikono kichwani, akaanza: "Yo! Yo! Na miye niko nacheka!" Alinifungia ampuli ndani ya kiganja na vidole vyake mwenyewe, akakataa nisitoe kitu. Halafu, bila ubaya wowote, kama mtu anayejiuliza tu, akasema: "Lakini zote zilikuwa nzuri, Mwalimu. Namna gani mutu mumoja anakataa ampuli saba?"

Nilirudi Mangobo kwa miguu. Wenye pikipiki za taksi-moto walinipigia honi njia nzima, mmoja akaniuliza kama nina deni na barabara. Niliwapita wote, swali la Mama Feza kichwani.

Lakini jibu nilikuwa nalo, Papa. Nilikuwa nalo tangu tulipokulaza hospitali. Ni vile nilikuwa sitaki kulishika.

Unakumbuka ulivyonifundisha tofauti ya ampuli za camion kubwa za mizigo na za motokari ndogo? Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Ulizipanga mbili juu ya meza, miguu mitatu kila moja, zimefanana kama mapacha. Ukaniambia nichague. Nikachagua vibaya. Ukaiweka, ukawasha, ikatoa mwanga mwekundu-mwekundu, dhaifu, ukasema: "Ona, iko na homa. Hii inataka volti makumi mbili na nne, sisi tuko na kumi na mbili. Soma kwanza chuma, kisha ununue." Toka siku hiyo sijawahi kununua bila kusoma. Hata dawa ya Mama nasoma pande zote mbili.

Donc ulipoanza kusema taa haimuliki, nilifanya ulichonifundisha. Nakumbuka siku yenyewe. Uliparuza kwa motokari mkokoteni wa muuza mananasi pale unapoingia Mangobo, saa ya magharibi, yule mtu akapiga kelele mpaka wanawake wakatoka na miiko. Ulifika nyumbani na hasira, ukasema: "Ile taa inaniua." Nikaenda kusoma chuma. Kumi na mbili. Nzuri kabisa. Ukasema basi ni waya. Ukavuta waya mpya, nene, toka kwenye betri mpaka mbele. Ukasema ni masi, ukakwangua kutu pale waya inapofungwa kwenye mwili wa motokari mpaka chuma kikang'aa. Ukasugua kioo cha taa kwa dawa ya meno. Ukafungua alternata inayochaji betri, ukaifunga, ukaifungua tena. Na kila baada ya hapo: "Mwamini, pita kwa Mama Feza."

Sasa naona. Sisi watu wa nyumba ile, mtu akisema haoni njia, tunafungua kapo, kifuniko cha mbele cha motokari. Babu alikuwa fundi, wewe fundi, mimi niliyekimbilia chaki bado nina mafuta ya mashine kwenye damu. Jirani yetu muuza majani ya pondu angekuambia siku ya kwanza: Papa Ramazani, enda upimwe macho. Lakini sisi tulikuwa mafundi, bwana! Tulikuwa na waya na lima za kukwangulia chuma na maneno makubwa.

Ulikuwa unaegesha motokari mbele ya ukuta wa jirani jua likizama, unawasha. "Unaona, Mwamini?" Naona, Papa. "Unaona mpaka wapi?" Nikikuonyesha, unashuka, unaenda mpaka ukutani, unaweka kiganja pale mwanga ulipo, unakipeleka kushoto, unakipeleka kulia. Nilidhani unapima ukubwa wake. Nilisimama nyuma yako mikono kiunoni, nikihesabu daftari zinazoningoja nyumbani. Ulikuwa unautafuta kwa mkono, Papa. Ulikuwa mbele ya mwanga unautafuta kwa mkono, na mimi nilikuwa nyuma yako napiga miayo.

Kisha ile Jumapili. Niiandike, maana nisipoiandika barua hii ni uongo.

Nilileta ya saba. Uani kulikuwa na watu: jirani mwenye ukuta, mke wake, wateja wako wawili, Mama, Assani, na Tonton Selemani mdogo wako aliyekuja kula. Ukaiweka. Ukawasha. Ukasema neno lile lile, haiko na nguvu. Na mimi nilikuwa nimetembea jua lote, nimeacha daftari zangu, na damu ikanipanda. Nikasema, na kila mtu akasikia: "Papa, ampuli ni nzima! Wewe njo mubovu! Umezeeka, uache kutuzungusha mujini bure!"

Watu wakacheka kidogo. Kisha wakaacha.

Wewe, uliyekuwa unabishana hata na polisi wa barabarani, ulinipa mgongo. Ulifungua kapo, ukapapasa, ukaitoa ampuli ingali moto, ukaikamata kwenye kioo. Kwa vidole vitupu. Kitu ambacho katika maisha yangu sijawahi kukuona ukifanya, kitu ulichonichapa kwa ajili yake mara moja na kunikaripia mara mia, kwamba mafuta ya kidole yanaunguza kioo na ampuli inakufa kabla ya siku yake. Mtoto mwenye akili angeshtuka. Mimi nikapiga kelele zaidi: "Na sasa anakamata kioo!" Nikicheka, Papa. Niliongeza nikicheka.

Ukaiweka mfukoni. Ukasema: "Bon. Basi." Ukaingia ndani, mkono wako mmoja ukifuata ukuta.

Baada ya hapo nilinuna siku tisa. Salamu tu, shikamoo na marahaba, kama mpita njia. Nilikuwa nangoja uniombe radhi, unasikia? Mimi nangoja wewe uniombe radhi. Siku ya kumi Mama akapiga kelele toka chumbani, tukakukuta huamki.

Daktari pale hospitali alikuwa kijana, mpole. Alikufungua kope kwa kidole, akamulika na tochi ndogo, akauliza: "Haoni tangu lini?" Nikamjibu mimi, haraka, karibu kwa ukali: Anaona, anaendesha motokari. Akaniangalia. Akasema sukari kwenye damu yako imepanda sana, na haikuanza jana wala juzi, na macho ndiyo yalitangulia kuliwa. Ulilala siku mbili. Nilikuita kwa majina yako yote. Siku ya pili alfajiri ukaondoka bila kufungua macho, na kama ungeyafungua sijui ungeniona.

Ni kwenye matanga, tukiwa tumekaa chini na majirani, ndipo vipande vilipoanza kutoka. Mama akasema, polepole, kwamba miezi mingi aliona sisimizi wamejaa pale nyuma ya nyumba unapokojoa, na alidhani wajukuu wanamwaga chai. Akasema ulikuwa unamaliza mtungi wa maji kabla ya asubuhi, akafikiri ni joto. Assani akasema aliona kidonda kwenye kisigino chako kinakataa kupona, akakununulia viatu vipya. Viatu, Papa! Na mimi nilikuwa na ampuli saba. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kila mmoja alikiona kidogo, hakuna aliyekitoa mbele ya mwenzake. Nyumba yenye watu wanaosema kutwa kucha, na hilo hatukulisema.

Basi, siku ile niliyotoka kwa Mama Feza nilifungua garaji ili nitafute koleo. Nikakuta kopo la maziwa. Nikakaa nalo mapajani. Nikajiambia: labda moja ilikuwa mbovu kweli. Labda tatu. Wauzaji wa siku hizi wanauza kila takataka. Kama nikipata moja inayokataa, basi siku hiyo moja Papa aliona vizuri, siku hiyo moja nilitumwa kwa haki, na mzigo utapungua kidogo. Nilikuwa kama mtu anayebembeleza mahakama. Ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu niliitikisa, nikaigonga mezani, nikiitaka ife. Ikawaka.

Ya saba ilikuwa na alama ya kidole chako kwenye kioo. Kidole gumba, inaonekana wazi, mistari yote. Nilijua sheria: ifute kwanza kwa pombe kali, halafu uwashe. Sikuifuta. Niliiwasha hivyo hivyo, ikaangaza garaji nzima, nikaona moshi mwembamba, nikaogopa kwamba naunguza kidole chako, nikazima haraka. Alama bado ipo. Nimeirudisha kwenye karatasi yake, imo sandukuni mwangu kati ya nguo. Nililia pale juu ya meza mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Kwenye motokari niliweka ile ya Mama Feza.

Siku iliyofuata nilimkamata Assani kwa shati. Nimeacha kubembeleza wanaume wa nyumba hii. Alisema hana kitu, alisema ana mkutano commune, alisema mimi nina wazimu wa msiba. Nikamwambia twende wote wazimu wawili. Pale hospitali wakamtoboa kidole. Papa, anayo. Sukari ni ile ile yako, ila yake bado changa. Daktari amesema ikishikwa sasa inashikika. Siku hizi anakunywa chai bila sukari na uso kama amekula sabuni, anatembea asubuhi mpaka daraja la Tshopo na kurudi, ananilaani njia nzima. Mke wake amenishika mikono akanishukuru. Tumempata Assani kwa kukukosa wewe, na mimi sikuulizwa kama nakubali bei hiyo.

Mnunuzi alirudi Jumatano. Ilikuwa mchana, jua kali. Alikaa ndani, akawasha taa zote mbili azijaribu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Mwanga ulinipiga usoni hata kwenye lile jua. Nikageuka. Assani akaniambia, usilie, motokari ni chuma tu. Anadhani nalilia motokari. Ikatoka uani, ikapita kwa jirani, ikakata kona ya msikiti, na sasa pale uani pamebaki doa la mafuta ambalo Mama hataki tulifute.

Kuna jambo la mwisho, Papa, na ndilo lililonifanya nikamate kalamu.

Siku ya kukuzika, kabla hawajakubeba, Tonton Selemani alisimama uani mbele ya jeneza, kama inavyofanywa kwetu. Akasema: "Mutu yeyote ambaye huyu ndugu yetu alimukosea, kwa mudomo ao kwa mukono, leo amusamehe." Na watu wote wakajibu kwa sauti moja, tumemsamehe. Mimi nilikuwa na wanawake karibu na jiko. Na mimi nikafungua mdomo huu huu nikasema nimemsamehe. Nimekusamehe nini? Nani alinikosea? Watu mia walisimama pale kukusamehe wewe, na hakuna aliyekugeukia wewe akuombe utusamehe sisi. Desturi haina maneno hayo. Wakakubeba, wakaenda, na mimi nikabaki jikoni na neno langu la uongo.

Kwa hiyo nimeyatafuta maneno mimi mwenyewe. Jumapili hii tunakusomea dua nyumbani. Nimewaita wote waliokuwepo siku ile ya ampuli ya saba: jirani na mke wake, wateja wako wawili, Tonton, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini. Dua ikiisha, kabla ya chakula, nitasimama pale pale niliposimama, na kwa sauti ile ile niliyokutukana nayo nitasema kwamba Papa yangu alikuwa anakuwa kipofu, kwamba aliniambia mara saba kwa lugha aliyokuwa nayo, na kwamba mimi nilimcheka mbele yenu. Nitakuomba radhi mbele yao. Wakitaka kunyamaza wanyamaze. Sitarajii jibu lako, najua huko uliko mtu hajibu. Lakini kitu kilichosemwa mbele ya watu hakiombewi radhi chumbani.

Alhamisi nampeleka Mama kupimwa. Ameshaanza visingizio, lakini unanijua.

Pumzika, Papa. Mungu akupe huko mwanga ambao hutahitaji kuupapasa. Mimi nakuahidi hivi: mtu wa nyumba yako akiniambia haoni, nitamtazama yeye.

Ni mimi, Mwamini, mtoto wako mwenye mdomo.